Risasi ya Polisi Ikomee Wapi?



Linapotajwa jambo la risasi, watu wengi hudhani kwamba hayo ni mazungumzo ya askari peke yao, na kwamba raia, hasa yule ambaye zana yake ya kazi ni chaki au kalamu, hana la kuchangia humo. Dhana hiyo si sahihi. Risasi ya polisi hununuliwa kwa fedha za umma. Ununuzi wake hupita mikononi mwa watumishi wa umma. Huandikwa katika vitabu vya ghala na karani. Na siku inapopotea njia, humkuta mtoto wa mtu akitoka shule. Kwa hiyo swali la kwamba polisi wa Dar es Salaam abebe risasi ya namna gani katika bastola yake ni swali la raia kabla halijawa la askari.

Yafaa pia swali hilo liulizwe mahali pake. Mahali penyewe si uwanja wa shabaha wenye kilima cha udongo nyuma ya mbao za kulengea. Ni Tandale, Mwananyamala, Kigogo na Mkwajuni katika Kinondoni; ni Mbagala, Tandika, Keko na Azimio katika Temeke. Huko nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mara nyingi hukaliwa na familia sita, kila mlango na wapangaji wake. Kuta ni za matofali yaliyofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo. Penye uwezo mdogo zaidi ni mabati, au miti iliyokandikwa udongo. Vichochoro vingine havitoshi watu wawili kupishana. Jioni, wakati ambapo majambazi na polisi huweza kukutana, hapo ndipo mama lishe yuko jikoni mwake nje, watoto wako barazani, na daladala imesimama kituoni ikiwa imejaa mpaka mlangoni. Ubavu wa daladala ni bati jembamba. Haujatengenezwa kuzuia kitu chochote zaidi ya mvua na vumbi.

Tarehe 16 Februari 2018, mwanafunzi wa kike wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa abiria ndani ya daladala, Kinondoni. Siku hiyo, iliyokuwa mkesha wa uchaguzi mdogo wa ubunge, polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani waliokuwa wakiandamana. Marehemu hakuwa katika maandamano hayo. Alikuwa safarini kupeleka barua ya kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Rais wa wakati huo, Marehemu John Magufuli, aliagiza vyombo vinavyohusika vichunguze. Tukio hilo lilizusha maneno mengi ya kisiasa, na maneno hayo yalifunika swali moja la kawaida kabisa ambalo mtumishi wa idara ya ugavi angeweza kuliuliza: risasi ya namna ile ilikuwa na kazi gani katika barabara ya namna ile?

Haki yadai upande wa pili nao usemwe. Askari polisi wa jiji hili hawakabiliwi na vibaka wenye visu peke yake. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa. Watu saba waliuawa, wanne kati yao wakiwa askari polisi, na silaha zikaporwa. Tarehe 23 Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, katika Wilaya ya Temeke, mbele ya tawi la benki. Tarehe 25 Agosti 2021 mtu mmoja aliyeanza na bastola aliwaua askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa, akachukua bunduki za askari hao hao na kuendelea kupiga risasi barabarani. Mtu anayetaka polisi waende mikono mitupu hajafikiri juu ya wajane wa Stakishari na Mbande. Mazungumzo haya hayamo katika kundi hilo.

Sasa risasi yenyewe. Lugha ya Kiswahili imetumia neno moja kwa mambo mawili: madini laini na mazito yaitwayo risasi, na kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Hilo si kosa la lugha, kwa kuwa kitu hicho kwa karne nyingi kilitengenezwa kwa madini hayo. Leo risasi moja kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ndogo kwenye kitako chake, ambayo hulipuka inapogongwa, baruti ndani, na kichwa mbele, ambacho ndicho kiendacho. Tofauti kubwa ya aina za risasi imo katika kichwa hicho. Kichwa kinaweza kuwa madini ya risasi matupu. Kinaweza kuvikwa shaba mwili mzima, kama ilivyo desturi ya majeshi. Au kinaweza kuvikwa shaba ubavuni lakini kikaachwa na tundu mbele, ili kikutanapo na mwili kichanue kama ua, kipanuke, na kupoteza mwendo haraka.

Walimu wa fizikia watakumbuka kwamba nguvu ya kitu kiendacho huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo asili yake ni Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo sasa imeenea duniani kuliko nyingine za bastola, inaweza kuwa na kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa mwendo wa kiasi cha meta 350 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ambayo wananchi wameizoea kwa jina la SMG, ile ya asili ya Kirusi ya milimita 7.62, nayo ina kichwa cha gramu 8. Lakini hicho hutoka kwa meta zaidi ya 700 kwa sekunde. Uzito ni ule ule, mwendo ni mara mbili, na kwa hiyo nguvu ni mara nne: kiasi cha jouli 2,000 dhidi ya jouli 500. Bastola ya Makarov, ya asili ya Kirusi pia, ni dhaifu zaidi, kiasi cha jouli 300.

Hesabu hiyo ndogo yatosha kuonyesha kwamba jambo kubwa zaidi katika kuchagua risasi ya polisi wa mjini hutangulia aina ya kichwa. Ni kama polisi huyo amebeba bastola au bunduki ya vita. Mtu akitembea mbele ya mabenki na katika doria nyingi za jiji huona bunduki za SMG mabegani mwa askari. Bunduki hiyo ilibuniwa kwa ajili ya askari wa miguu vitani, apigane na adui aliye mbali meta mia kadhaa. Risasi yake hupita tofali la mchanga, hupita bati, hupita mlango wa gari. Waliouawa Mbande walistahili kuwa na silaha ya kutosha kujilinda, na hakuna ubishi kwamba benki au ghala la silaha huweza kuhitaji bunduki. Lakini doria ya kawaida ya kichochoroni, ya kumkamata mwizi wa pikipiki au kuachanisha ugomvi wa baa, haihitaji risasi ambayo, ikimkosa mwizi, itakuwa bado na nguvu ya kumuua mtu wa nyumba ya tatu.

Ikishakubaliwa kwamba silaha ya kawaida ya doria ni bastola, hapo ndipo huja swali la kichwa cha risasi, nalo lina historia yenye kushangaza kidogo. Katika miaka ya 1890 Waingereza waliokuwa wakitawala Bara Hindi walilalamika kwamba risasi zao mpya zilizovikwa shaba zilikuwa zikipita katika miili ya wapiganaji wa mpakani bila kuwasimamisha. Kiwanda chao cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kikatengeneza risasi iliyoachwa wazi mbele ili ipasuke na kupanuka. Mataifa mengine ya Ulaya yalipinga. Tarehe 29 Julai 1899, mjini The Hague, likatolewa Tamko la kukataza kutumia vitani risasi zinazopanuka mwilini. Uingereza yenyewe ilikubali kujiunga nalo mwaka 1907. Tamko hilo liliathiri hata bastola: karibu na Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliacha kichwa cha madini matupu kilichokuwa kikitumika katika bastola zao za kuzungusha, wakakivika shaba, kwa kuogopa kushitakiwa kwamba wamevunja sheria ya vita.

Ajabu ni kwamba risasi ambayo majeshi yamekatazwa kuitumia dhidi ya adui ndiyo ambayo polisi wa nchi nyingi wamechagua kuitumia katika miji yao. Polisi wa New York walianza kubadili risasi zao zilizovikwa shaba, kuelekea zile zenye tundu, katika miaka ya 1998 na 1999. Ujerumani nayo imewapa polisi wake risasi za kuchanua, na polisi wa jiji la London walitangaza mwaka 2011 kwamba askari wao wenye silaha wangepewa. Mwananchi asikiapo hivyo hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Je, raia amekuwa mbaya kuliko adui wa vita?

Jibu limo katika mazingira ya kazi. Vitani hudhaniwa kwamba nyuma ya adui yuko adui mwingine. Mjini nyuma ya jambazi yuko muuza karanga. Risasi iliyovikwa shaba mwili mzima hutoboa tundu jembamba, hutoka upande wa pili na kuendelea na safari. Huko New York sababu iliyotolewa wakati wa mabadiliko ilikuwa kwamba wapita njia, na hata askari wenyewe, walikuwa wakipatwa na risasi zilizokwisha kupita katika mwili wa mtu mwingine au kugonga kitu na kuruka. Risasi inayochanua aghalabu hukomea kwa yule aliyelengwa. Kwa hiyo risasi ambayo ni kali zaidi kwa mtu mmoja inaweza kuwa na huruma zaidi kwa mtaa mzima. Hoja hiyo ni nzito na haipaswi kupuuzwa kwa sababu tu jina la dumdum lina sifa mbaya.

Hata hivyo, nusu ya pili ya hoja mara nyingi husahauliwa na wauzaji wa risasi. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wanane wa FBI, yaani shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9, ya aina ya kuchanua, ilimpata jambazi mmoja mapema katika pambano, ikapanuka vizuri kama ilivyotarajiwa, ikasimama karibu kabisa na moyo bila kuufikia. Mtu huyo aliendelea kupigana na kuua. Baada ya hapo FBI iliweka kipimo cha kujaribia risasi: hupigwa katika jeli nzito inayofanana na nyama, kwanza ikiwa tupu, kisha ikiwa nyuma ya nguo, bati, mbao na kioo cha gari, na risasi ifaayo ni ile inayoingia si chini ya sentimita 30 na si zaidi ya sentimita 45. Ikipungua hapo haimsimamishi mtu. Ikizidi hapo inamtafuta jirani. Kipimo hicho, japo kilizaliwa na msiba wa nchi nyingine, kina busara, na kinaweza kutumiwa na bodi yoyote ya ununuzi bila kujali risasi hiyo inatoka kiwanda gani.

Kisa cha Miami kilikuwa na mkia. Wamarekani walifikiri kwamba dawa ni risasi kubwa zaidi, wakaichukua ile ya milimita 10. Ikawa na mshindo uliowasumbua askari wengi. Wakaipunguza nguvu, wakapata nyingine ya kati ambayo ilienea sana katika miaka ya 1990. Mwaka 2015 FBI ilikuwa inarudi kwenye milimita 9, kwa sababu vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa na kwa sababu askari walio wengi hulenga vizuri zaidi na risasi isiyowarusha mkono. Safari ya karibu miaka 30 ikaishia pale ilipoanzia.

Wako watu, na si wachache, ambao elimu yao ya risasi imetoka katika vibanda vya video. Humo mtu akipigwa bastola huruka nyuma na kuanguka hapo hapo. Taarifa ya FBI ya mwaka 1989 ilieleza vinginevyo: hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unabaki na hewa ya kumwezesha mtu kuendelea kutenda kwa sekunde 10 mpaka 15. Hakuna risasi ya bastola yenye nguvu ya kumwangusha mtu kwa kumsukuma. Kama ingekuwapo, ingemwangusha pia aliyeipiga. Askari asiyelijua jambo hilo hupiga risasi moja, hushangaa kwamba mtu hakuanguka, hutaharuki, kisha humimina zilizobaki bila kulenga. Na hizo za kutaharuki ndizo zinazoua wasiohusika.

Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguza mafunzo ya polisi wa New York na kuona kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, katika mapambano ambayo pande zote mbili zilirushiana risasi, ni asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilizompata aliyelengwa. Pale ambapo mhalifu hakujibu mapigo ilikuwa asilimia 30. Hao ni polisi wa jeshi tajiri, wenye viwanja vya shabaha na walimu wa kutosha. Basi katika kila risasi 10 za pambano, kiasi cha 8 huenda kwingine. Kichwa cha risasi kiwe kimechanua au hakikuchanua, hizo 8 hazikukutana na mwili wa kuzisimamisha. Zimekutana na ukuta. Na risasi yenye tundu, ikipita katika ukuta wa udongo au bati, tundu lake huweza kuziba, nayo ikaendelea mbele kama vile ile iliyovikwa shaba.

Hapo pana hukumu ya kutolewa, nayo ni hii: kwa bastola ya doria mjini, risasi ya kuchanua iliyopita kipimo ni chaguo bora kuliko ile iliyovikwa shaba mwili mzima, lakini faida yake ni ndogo ikilinganishwa na faida ya askari aliyefundishwa kulenga, na ndogo zaidi ikilinganishwa na faida ya askari aliyefundishwa kutopiga. Bajeti inayonunua risasi ghali za kubeba kiunoni bila kununua risasi nyingi rahisi za kujifunzia ni bajeti iliyogeuzwa miguu juu. Risasi za mazoezi zaweza kuwa zile za kawaida zilizovikwa shaba. Nchi ina Shirika la Mzinga, Morogoro, ambalo hutengeneza risasi. Mpiga kwata asiyeshika bastola yake uwanjani ila mara chache hawezi kuokolewa na kichwa cha risasi chenye tundu.

Mambo mengine ya ununuzi yaelezwe kwa ufupi. Bastola za zamani zilibuniwa kwa risasi za kichwa cha mviringo, na baadhi yake hukwama zikilishwa kichwa chenye tundu. Kwa hiyo kila aina ya risasi ijaribiwe katika bastola ile ile itakayobebwa, si katika bastola ya muuzaji. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Risasi inayobebwa kila siku, ikatolewa na kurudishwa katika magazini kila zamu, hulegea kichwa na kuingiwa na unyevu. Ndiyo sababu idara nyingi za polisi duniani hubadilisha risasi za kazini kila mwaka, na zile kuukuu hupigwa katika mazoezi. Kuhusu hifadhi, wakazi wa Mbagala waliopitiwa na tarehe 29 Aprili 2009, na wale wa Gongo la Mboto waliopitiwa na tarehe 16 Februari 2011, hawahitaji kuelezwa maana ya baruti iliyowekwa karibu na makazi ya watu. Yale yalikuwa mabomu ya jeshi, si risasi za bastola, lakini baruti ni baruti.

Jambo la risasi hewani lahitaji nafasi kubwa zaidi, maana limekuwa kama desturi. Magazeti huandika kwamba polisi walilazimika kupiga risasi hewani, na msomaji hupumua kwa faraja kana kwamba hewani hakuna mtu. Kilichopanda sharti kishuke. Risasi iliyopigwa wima kabisa hurudi ikiwa imepunguza mwendo. Lakini mkono wa askari anayekimbia haupigi wima, hupiga kwa mshazari, na risasi ya mshazari hushuka mbali ikiwa bado na mwendo wa kuua. Juu ya vichwa vya wakazi wa Tandika hakuna zege, kuna bati. Katika mji wa Nairobi, mwezi Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, ghorofa ya tatu, mtaa wa Kiamaiko, wakati polisi waliokuwa barabarani chini wakitekeleza amri ya kutotoka nje usiku. Askari mmoja alishitakiwa kwa mauaji. Mtoto alikuwa nyumbani kwao, kama alivyoamriwa. Kwa mtu aliye ghorofani, hewani ndiko aliko.

Mambo yaliyotokea tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata yamelizidishia swali hili uzito. Siku hiyo ya uchaguzi mkuu yalizuka maandamano na ghasia Dar es Salaam na katika miji mingine. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini. Watu wakauawa kwa risasi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa, na Serikali iliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kwa mazungumzo ya leo latosha jambo moja: hakuna risasi ya moto, ya bastola wala ya bunduki, ya kuchanua wala ya shaba, ambayo ni chombo cha kutawanyia watu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana tarehe 7 Septemba 1990 zinasema silaha ya moto hutumika kumkinga askari au mtu mwingine dhidi ya hatari ya papo hapo ya kifo au madhara makubwa, na zinazitaka serikali zikataze silaha na risasi zinazoleta madhara yasiyo na sababu. Kanuni hizo hizo zinataka askari wapewe pia vifaa visivyoua. Na hata vifaa hivyo vina masharti yake. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari aliuawa kwa bomu la machozi lililopigwa kutoka karibu mno. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Chombo kilichotengenezwa kisiue kiliua, kwa sababu ya umbali tu.

Risasi yoyote iliyochaguliwa inafaa iwe na rejesta. Ndugu walimu wanajua kazi ya rejesta: asubuhi huitwa majina, na asiyekuwapo huulizwa aliko. Kila risasi iliyotolewa ghalani yapaswa kurudi, au irudi maelezo yake. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa katika msitu wa Pande, nje kidogo ya jiji. Polisi walitangaza kwamba hao walikuwa majambazi waliokufa katika mapambano ya risasi. Tume iliyoundwa na Rais Jakaya Kikwete chini ya Jaji Mussa Kipenka ikaona kwamba haikuwa hivyo. Kesi ilichukua miaka kumi mpaka Mahakama ya Rufani, Septemba 2016, ilipomtia hatiani ofisa mmoja wa polisi. Mahali ambapo kila risasi na kila ganda vinahesabiwa siku hiyo hiyo na ofisa asiyehusika na tukio, hadithi ya mapambano hupimwa kwa hesabu kabla haijafika kwa waandishi wa habari. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshiriki wake, nayo inahimiza utunzaji wa kumbukumbu za silaha ndogo.

Limebaki kundi moja, nalo lina watu wake humu humu katika utumishi: raia mwenye bastola ya kujilinda kwa leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haikuifanya bastola kuwa pambo la mtu mwenye cheo. Maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa na hupita mbele ya kamati za ulinzi na usalama. Wapo wanaopewa, hasa wale ambao kazi zao huwafanya watembee na fedha. Mtu huyo akishapata leseni huanza kuuliza marafiki ni risasi gani iliyo kali kuliko zote. Swali hilo limekosewa. Amuulize fundi aliyejenga nyumba yake unene wa ukuta wa chumba cha watoto. Asimame penye mlango ambao anadhani mwizi ataingilia, anyooshe kidole badala ya bastola, kisha aangalie kidole hicho kimeelekea wapi: ikiwa ni kwenye chumba cha mama mzazi, au dirisha la mpangaji wa jirani, basi mahali hapo hapana risasi ifaayo, na mpango wa usiku inafaa uwe mwingine: mlango wa chuma, taa ya nje, namba ya simu ya kituo cha polisi na ya mjumbe, kelele za kuwaamsha majirani.

Na akiwa nayo tayari bastola hiyo, risasi zifungiwe mahali pa peke yake, mbali na bastola, ufunguo usiwe juu ya kabati ambalo kila mtoto wa nyumba hulijua. Risasi alizorithi kwa baba yake zenye kutu ya kijani kwenye ganda asizijaribu kwa kuzipiga shambani Mkuranga wala asizitupe shimoni. Azifunge katika kitambaa, azipeleke kituo cha polisi pamoja na leseni, na adai stakabadhi.